Kutoka Nairobi Hadi New York ni Mbali Kiasi Gani?



Swali nililopewa lina jibu fupi, na aliye na haraka anaweza kulichukua sasa hivi akaenda zake: kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York, ni kilomita 11,840 hivi. Hesabu hiyo haina ugomvi. Mwenye latitudo na longitudo za viwanja viwili ataipata kwa karatasi na kalamu. Ila abiria hapandi hesabu, hupanda ndege, na ndege husafiri umbali mwingine kabisa, unaobadilika usiku hata usiku kwa sababu ya upepo, ya uzito na ya ruhusa. Niseme mapema ninakoelekea, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa maswali yake: katika bara letu, serikali zimerefusha safari za angani kuliko milima, bahari na dhoruba kwa pamoja.

Lakini tuanze na tufe hili lililo mezani. Nashika ncha ya uzi hapa Nairobi, naunyoosha mpaka New York, naukaza. Walio mbele watazameni unakopita. Ukutani mwa karibu kila shule kuna ramani ya dunia, na juu ya ramani ile ukiweka rula kati ya miji hii miwili, mstari utapita Kongo, kisha kaskazini mwa Nigeria, Mali na Mauritania, ndipo utumbukie baharini. Uzi wangu haupiti huko. Unatoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, unakata Uganda ya kaskazini na Sudan Kusini, unagusa pembe ya Sudan, unaingia Chad na Niger, unavuka jangwa la Algeria, unatoka Afrika karibu na Marrakech. Baharini unapita juu ya visiwa vya Azores, ambavyo ni vya Ureno. Halafu unafanya jambo ambalo huwashangaza hata walimu wa jiografia: unapanda mpaka latitudo ya digrii 42 na kidogo kaskazini, juu kuliko New York yenyewe iliyo kwenye digrii 40 na nusu, kisha unateremka kuufikia mji kutoka juu. Njia ya rula ina kilomita 350 hivi za ziada. Uzi ndio mfupi.

Wanahisabati huuita mstari huo kipande cha duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Wala msidhani ni elimu iliyoletwa na ndege. Mwanzoni mwa karne ya 11, al-Biruni aliandika kitabu kizima kuhusu namna ya kujua mahali pa miji na umbali kati yao, na mojawapo ya haja zake ilikuwa kupata mwelekeo sahihi wa kibla kutoka Ghazna, mji ulio Afghanistan ya leo. Hesabu ya kibla na hesabu ya njia ya ndege ni moja. Kwetu pwani jambo hili halijawahi kutusumbua, maana Mombasa na Makka ziko karibu kwenye longitudo moja, na anayeswali Mombasa huelekea kaskazini, basi. Mwenzetu aliyehamia New York hukuta habari nyingine. Ramani ya ukutani inamwambia Makka iko mashariki, kusini kidogo. Hesabu ya tufe inamwambia aelekee kaskazini-mashariki, digrii 58 hivi kutoka kaskazini. Waislamu wa Marekani Kaskazini wamebishana sana juu ya hili, na misikiti mingi ya huko hufuata tufe. Nawaelewa walioshangaa. Ramani ya ukutani tumeitazama tangu utotoni, na ni vigumu kumwambia mtu kwamba ukuta ulimdanganya.

Sasa uzi tumeupata. Tuingie ndani ya ndege.

Safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways kwenda New York ilianza tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787-8, ile inayoitwa Dreamliner. Ndege ya namna hii ikiwa juu huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanyeni 11,840 kwa 900, mtapata saa 13 na dakika kumi. Ratiba iliyotangazwa ilisema saa 15 kwenda na 14 kurudi. Muda wa kutembea ardhini, wa kupanda na wa kuteremka unaeleza sehemu ya hizo za ziada. Lakini kwa nini kwenda kuzidi kurudi?

Manahodha wa majahazi wangejibu bila kufikiri. Aliyetoka Maskati kuja Unguja kwa kaskazi hakuwa na haja ya kujua maili, alijua msimu. Na aliyetaka kurudi Maskati miezi ileile angekwenda mbisho, au angefanya la busara na kukaa bandarini kungoja kusi. Angani nako kuna misimu na mikondo. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12, juu ya Atlantiki ya kaskazini, huvuma upepo mwembamba wenye nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao wakati wa baridi unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda New York anaukabili. Anayerudi husukumwa nao mgongoni. Februari 2020 ndege ya British Airways, Boeing 747, ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua saa sita na zaidi. Injini zake hazikuwa na muujiza wowote. Ilibebwa.

Wa mwanzo kuupima upepo huu kwa utaratibu alikuwa Mjapani, Oishi Wasaburo, aliyekuwa akirusha maputo kutoka kituo cha Tateno katika miaka ya 1920 na kuyafuata kwa darubini. Aligundua jambo kubwa, akataka ulimwengu mzima ujue, akaandika taarifa yake kwa Kiesperanto akitumaini kwamba ndiyo lugha ya kimataifa. Karibu hakuna aliyeisoma. Marubani wa Marekani walikuja kukutana na upepo uleule mwaka 1944 juu ya Japani, na mabomu yao yakawa yanakwenda kando. Naitaja habari hii kwa sababu naipenda, na pia kwa sababu wapo wanaodhani kwamba elimu ikishaandikwa imeshafika.

Kwa hiyo mpangaji wa safari haulizi kilomita za ardhini. Huuliza ndege itapita kwenye hewa kiasi gani. Upepo wa mbele wa kilomita 100 kwa saa ukidumu saa sita, ndege imelazimika kupasua kilomita 600 za hewa ambazo haziko kwenye tufe wala kwenye uzi. Usiku mwingine ni nafuu kuukwepa upepo huo kwa kwenda kando kilomita 300 kuliko kuukabili kwa njia fupi. Ndiyo maana njia za kuvuka Atlantiki ya kaskazini hupangwa upya kila siku.

Suala la uzito nalo lina ukatili wake. Kenya Airways ilitangaza wakati wa uzinduzi kwamba kila upande wa safari ungehitaji tani 85 za mafuta, marubani wanne na wahudumu kumi na wawili. Boeing 787-8 hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi tani 228 hivi. Yaani zaidi ya theluthi moja ya kile kinachoinuka ardhini ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta ya saa za mwanzo huchomwa ili kubeba mafuta ya saa za mwisho. Kila saa unayoongeza mwishoni unailipia tangu mwanzoni. Singapore Airlines walilijua hilo kwa machungu: walianza kuruka moja kwa moja kwenda eneo la New York mwaka 2004 kwa ndege ya injini nne, Airbus A340-500, wakaacha mwaka 2013, wakarudi 2018 walipopata A350 ya injini mbili iliyotengenezwa kwa safari ndefu mno. Njia yao ina kilomita 15,300 hivi. Kilomita zilikuwa zilezile mwaka 2004 na mwaka 2018; kilichobadilika ni kiasi cha mafuta kwa kila kilomita.

Na Nairobi ina shida yake. Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, mabawa hayapati cha kushika kama yanavyopata pwani, na injini nazo hupumua kidogo. Jua la mchana huzidisha. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 inahitaji njia ndefu ya kurukia, na ya Nairobi inazidi kilomita nne; tena ndege hiyo inapendelea usiku, hewa inapokuwa imepoa. Ratiba ya mwaka 2018 ilikuwa ya kuondoka kabla ya saa sita usiku na kufika New York asubuhi mapema. Abiria hufikiri amepangiwa saa hiyo ili alale, na kweli inamsaidia, lakini ndege nayo ina sababu zake za kupenda usiku. Uwanja wa Kennedy uko kando ya bahari, mita chache tu juu ya maji, kwa hiyo wakati wa kurudi tatizo hili halipo.

Wazee wetu waliona safari ndefu zikikatwa vipande. Imperial Airways walipoanza huduma ya barua kutoka London hadi Mwanza mwaka 1931, na baadaye, mwaka 1937, walipoleta ndege za kutua majini zilizopita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban, kila kituo kilikuwa hapo kwa sababu mafuta yalikuwa yamekwisha au giza limeingia. Hata ndege ya kwanza ya jeti ya abiria, Comet, ilipotoka London kwenda Johannesburg Mei 1952 ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Leo tunaruka juu ya miji hiyo yote tukiwa usingizini.

Sasa nije kwenye serikali.

Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944 unasema katika kifungu chake cha kwanza kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Kwa hiyo uzi wangu hauko huru. Kila mpaka unaoukata, mtu fulani ofisini anaweza kusema ndiyo, anaweza kusema hapana, na akisema ndiyo hutuma ankara, kwa kuwa ada ya kupita angani hutozwa, mara nyingi kwa kufuata umbali na uzito wa ndege. Kwa mataifa mengine hayo ni mapato ya maana. Hayalaumiwi.

Mfano mkubwa kabisa wa hapana ya Afrika ni wa mwaka 1963. Wakuu wa nchi huru walipokutana Addis Ababa mwezi Mei kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mojawapo ya maazimio yao lilikuwa kuinyima serikali ya kibaguzi ya Afrika Kusini ruhusa ya ndege zake kupita angani mwao. Kuanzia mwaka huohuo South African Airways ililazimika kuizunguka Afrika kwa upande wa Atlantiki na kutua njiani, na kituo kilichokuja kuwa mashuhuri kilikuwa kisiwa cha Sal huko Cape Verde. Johannesburg hadi London kwa duara kuu ni kilomita 9,070 hivi. Kwa kupitia Sal ni zaidi ya 11,600. Ndege za Ulaya ziliendelea kupita katikati ya bara na kutua Nairobi kwenda Johannesburg, jambo ambalo liliwaudhi wengi na ambalo kwa maoni yangu lilistahili kuwaudhi. Hata hivyo, umbali wa kilomita 2,500 uliozalishwa na azimio la mkutano ni kazi kubwa. Hakuna mlima uliowahi kuwafanyia makaburu hivyo.

Wafini wanaijua hali hiyo upya. Shirika lao lilikuwa limejenga biashara yake juu ya ukweli kwamba Helsinki iko karibu na Asia kwa kupitia Urusi; Tokyo ilikuwa mwendo wa saa tisa na kitu. Februari 2022, baada ya vita vya Ukraine kupamba moto, Urusi ilifunga anga yake kwa mashirika ya nchi nyingi za Magharibi kwa kulipiza, na safari hiyo ikawa ya karibu saa 13, mara nyingine kwa kupita Ncha ya Kaskazini. Abiria wa njia hiyo walipewa cheti cha kuvuka ncha. Nadhani cheti kile kilikuwa njia nzuri ya kumshukuru mtu kwa saa tatu na zaidi ambazo hakuomba.

Na sisi? Rudieni uzi wetu. Aprili 2023 vita vilizuka Sudan na anga yake ikafungwa kwa ndege za abiria. Agosti mwaka huo, baada ya mapinduzi, watawala wa Niger walifunga anga yao, wakaifungua Septemba. Libya, iliyo jirani na njia yetu, imekuwa ikikwepwa na mashirika mengi kwa miaka. Kwa wiki kadhaa za mwaka 2023 njia fupi kutoka Afrika Mashariki kwenda kaskazini-magharibi ilikuwa na matobo mawili makubwa, na marubani wakawa wanatafuta upenyo kati yake. Kila upenyo una dakika zake na mafuta yake. Ukilipa tiketi, umelipia kipande kidogo cha vita vile bila kuambiwa.

Ipo aina nyingine ya ruhusa, ya makaratasi, isiyohitaji risasi. Kenya Airways ilipokea Dreamliner yake ya kwanza Aprili 2014. Kwa uwezo wa mitambo, New York ilikuwa imeshafikika. Lakini shirika la Kenya lisingeweza kuruka moja kwa moja kwenda Marekani mpaka mamlaka ya anga ya huko iridhike na usimamizi wa usalama wa anga wa Kenya, na hati ya kuridhika huko, iitwayo daraja la kwanza, ilitolewa Februari 2017. Kabla ya hapo, Juni 2009, Delta ya Marekani ilikuwa tayari kuanza safari kutoka Atlanta kuja Nairobi kwa kupitia Dakar, na serikali ya Marekani ikaizuia dakika za mwisho kwa sababu za kiusalama. Kwa hiyo kati ya Nairobi na New York palikuwa na kilomita 11,840 mwaka 2009, mwaka 2014 na mwaka 2018, na katika miaka hiyo yote kilichopungua ni vikwazo vya makaratasi tu.

Huko nyuma abiria alifanya nini? Alipitia kwingine. Kupitia Amsterdam, jumla ni kilomita 12,520 hivi, yaani karibu 700 tu zaidi ya njia ya moja kwa moja, kwa sababu Ulaya haiko mbali sana na uzi. Kupitia Dubai ni 14,560, kwani unaanza safari ya magharibi kwa kwenda mashariki. Hata hivyo, wengi wamepitia na bado wanapitia Ghuba, na wana akili zao timamu: tiketi hupangwa bei na ushindani wala si rula, na shirika lenye ndege nyingi na kituo kimoja kikubwa huweza kuuza kilomita 14,560 kwa bei ndogo kuliko anayeuza 11,840. Mwanafunzi wa Kitanzania au wa Kirundi anayekwenda Marekani hachagui umbali. Anachagua pesa na viza ya kupitia.

Mtu aliniuliza kabla ya mhadhara kama siku moja tutaruka mbali zaidi. Miji miwili haiwezi kuachana zaidi ya kilomita 20,000 hivi, nusu ya mzingo wa dunia. Qantas ya Australia inapanga Sydney hadi London, karibu kilomita 17,000, na mwaka 2019 ilifanya safari ya majaribio kutoka London hadi Sydney kwa saa 19 na dakika 19 ikiwa na watu wachache tu ndani. Kwa hiyo mwisho wa kamba unakaribia, na sioni kwamba ndilo swali letu kubwa.

Swali letu liko karibu zaidi. Mwaka 1999 nchi za Afrika zilikubaliana mjini Yamoussoukro kufunguliana anga, ili shirika la nchi moja liweze kubeba abiria kati ya nchi nyingine bila kubembeleza. Januari 2018 nchi 23, Kenya ikiwemo, zilizindua Soko Moja la Usafiri wa Anga la Afrika ili kutekeleza makubaliano ya miaka 18 iliyotangulia. Miezi tisa baadaye ndege ya kwanza ikaenda New York. Safari ile ya mbali ilitimia kwa ndege moja, cheti kimoja na mikataba ya nchi mbili. Hii ya karibu inadai saini, ada na nia ya mataifa zaidi ya hamsini, ambayo mengi yana shirika lake dogo la kulilinda. Casablanca iko kilomita 6,050 hivi kutoka Nairobi, nusu ya njia ya New York. Anayekata tiketi ya kwenda huko kwa kupitia Doha atasafiri kilomita 9,080, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo atakuwa nje ya Afrika.